Ndimu na Eneo Lisilo na Matumizi

Ramani ilibandikwa ukutani kwenye ukumbi wa mikutano, kati ya tangazo la chanjo na kalenda ya mwaka uliokwisha pita. Ilikuwa kubwa kama shuka la kitanda cha watu wawili, na bahari yote ilikuwa imekatwakatwa humo kama nyama buchani: chungwa kwa wenye boti, kijani kwa matumbawe ya kuhifadhiwa, zambarau kwa njia ya meli, njano kwa wakulima wa mwani. Ule ukanda mrefu tu, kati ya ufuko na ukingo wa mwamba, ndio ulioachwa mweupe.

Ndimu akaweka kidole kwenye ule weupe, akashuka nacho hadi kwenye maelezo ya rangi. Nyeupe: eneo lisilo na matumizi kwa sasa. Linapendekezwa kuchimbwa kina kwa ajili ya gati.

Akasoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti.

"Lisilo na matumizi! Miaka thelathini na minne nakula hapo. Watoto watatu nimewasomesha kutoka hapo. Kumbe muda wote huo nilikuwa nakula hewa?"

"Mama, usiguse ramani," mlinzi alisema kutoka mlangoni.

"Nisiguse? Mbona yenyewe imenigusa mimi!"

Jina la Ndimu alipewa na wanawake wenzake, maana hata akikusifu utakunja uso. Alikuwa mvuvi wa miguu. Hakuwa na boti wala wavu. Kila baada ya wiki mbili, siku za bamvua, maji hupwa mpaka mwamba ukabaki wazi, na wanawake huenda juu yake wakiwa na viatu vikuukuu, gunia kiunoni na chuma mkononi, wakitafuta pweza. Pweza hukaa shimoni, na shimo zuri ni kama chumba cha kupanga mjini: mpangaji akitolewa leo, kesho kutwa kaingia mwingine. Mwanamke mwenye mashimo saba mazuri halali njaa. Ndimu alikuwa na saba.

Kwa sababu hiyo shimo halitajwi. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja. Wanawake arobaini na mmoja huingia mwambani pamoja, wakicheka, kisha kila mmoja hupinda kwake kwa njia ya mzunguko. Ukiwa umeinama shimoni na mwenzako akapita, unajifanya unafunga kamba ya kiatu. Mama humwonyesha binti yake, kwa kiapo, na basi.

Shimo bora la mama yake Ndimu liliitwa Chumbani, kwa sababu pweza wa humo walikuwa wakubwa na wazito wa usingizi. Mama alimpa Ndimu shimo hilo mwaka aliofariki, akamwapisha asimwambie hata dada yake. Miezi miwili baada ya mazishi Ndimu alimkuta dada yake mkubwa ameinama papo hapo, na huyo wala hakujisumbua kugusa kamba ya kiatu. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mwaka wa kumi na moja sasa, na nyumba zao zinatazamana.

Kutoka ukumbini Ndimu alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya mipango ya bahari, ghorofa ya pili, chumba chenye kompyuta mbili na feni inayozunguka kwa kulalamika. Mchora ramani alikuwa mwanamke wa umri wake, miwani imefungwa kwa uzi sikio moja.

"Nani kakwambia pale hapana mtu?" Ndimu aliuliza kabla ya kukaa.

Mchora ramani aligeuza kiti. "Wewe," akasema. "Miaka miwili iliyopita nilikuja, nikavua viatu, nikakaa nanyi mchangani. Nikauliza mnavua wapi. Unakumbuka ulichonijibu?"

Ndimu alikumbuka. Alisema wao ni waokota makombe tu, ya kuuza kwa wageni, na wakichoka hurudi nyumbani. Wenzake wakaitikia kwa kichwa, wote arobaini. Njia nzima ya kurudi walicheka hadi mbavu zikauma: mwanamke kasoma mpaka miwani imemchoka, na hajui hata kudanganywa kukoje.

"Na wewe ukaamini?"

"Ningeandika nini, mama? Ndoto zangu?"

"Ungekuja maji yakiwa yamepwa, ukaona kwa macho yako!"

"Niliomba. Wakubwa wakasema upimaji ni wa boti, na boti haipiti pale mpaka maji yajae. Wakapita juu yenu, wakaona maji matupu, wakaandika maji matupu." Akavua miwani. "Mkutano wa pingamizi ni Alhamisi. Niletee kila shimo na mahali lilipo. Bila hivyo, watasema ni kelele tu."

Hasira ya mtu aliyeonewa ina mahali pa kwenda. Hasira ya Ndimu ilitoka ofisini ikiwa na njia mbili, moja kwa wakubwa na moja kifuani mwake mwenyewe, na hii ya pili ndiyo iliyomfanya ateremke ngazi huku akizipiga kwa visigino.

Mumewe, fundi majokofu, alikuwa sakafuni na mashine ya mtu imefunguliwa tumbo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mficha uchi hazai, mke wangu."

"Wewe uliyefunua umezaa nini? Friji?"

"Ukisema, unapoteza mashimo saba. Usiposema, unapoteza mwamba mzima. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili."

"Basi kaifanye wewe, maana ndipo ulipoishia."

Fundi akacheka, akarudisha kichwa ndani ya jokofu. Alijua hasira ya mkewe haikumlenga yeye.

Bombani, asubuhi, wanawake hawakucheka. "Anza wewe," mmoja alimwambia huku akitwika ndoo. "Leo nitaje langu, kesho nilikute limekombwa?" Mwingine akasema hakuna mashine ya kuchimba mwamba ule, utaivunja meno. Dada yake alikuwa mwisho wa foleni. Aliangalia pembeni, kama kawaida.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Afisa mipango, shati jeupe, alikuwa na kikalamu kinachotoa nukta nyekundu, na nukta hiyo ilitembea juu ya bahari kama nzi. Wenye boti walimalizwa kwa dakika tano. Hawakuulizwa wanatupa nyavu wapi. Waliulizwa wana boti ngapi, wakajibu, wakapewa rangi yao. Kisha afisa akauliza kama kuna pingamizi.

Ndimu alisimama.

"La kwanza," akasema. "Unauacha mnara wa simu mgongoni, unakwenda mpaka paa la shule liguse tangi la maji. Hapo pana ufa. Chini ya ufa."

Mchora ramani akabonyeza kompyuta, na ukutani, kwenye ule weupe, ikatokea alama nyeusi. Ukumbi ukapumua. Ndimu alijiona kama mtu anayevuliwa nguo moja moja mbele ya wakwe. Akataja la pili, la tatu, hadi la sita. "La saba linaitwa Chumbani," akasema, akaeleza nalo lilipo.

Afisa alihesabu kwa ile nukta yake. "Saba. Mama, hatuwezi kuhamisha gati la mamilioni ya watu kwa ajili ya matundu saba. Tutakutafutia shughuli mbadala. Kuna mradi mzuri wa kuku."

"Kuku!" Ndimu alipaza sauti. "Mimi nakuambia bahari, wewe unaniambia manyoya?"

"Mwongo huyo!"

Watu wakageuka. Alikuwa dada yake, amesimama juu ya kiti, miaka kumi na moja ya ukimya ikimtoka kwa mkupuo mmoja. "La saba si lake! Chumbani ni pangu! Mama alinionyesha mimi kwa mkono wake, akaniapisha nisikwambie wewe mtoto!"

"Wewe? Mama alinipa mimi! Aliniapisha mimi nisikwambie wewe!"

"Lini?"

"Mwaka aliofariki."

"Na mimi mwaka huo huo."

Walitazamana. Kisha mwanamke mmoja kutoka nyuma akasema, "Mama yenu alikuwa na akili. Kiwanja kimoja, kauza mara mbili," na ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Hao wawili hawakucheka. Walikuwa wamegundua kwamba aliyewadanganya amekwisha zikwa na hawezi kujibu, na hakuna hasira chungu kama hiyo.

"Na hilo la nne," mwanamke mwingine alidakia, kidole kimenyooka, "nalivua tangu ule mnara haujajengwa! Nani kakupa wewe?"

"La nne lako? La kwako liko kushoto, kwenye jiwe lenye mdomo, nimekuona!"

"Umeniona? Kumbe unanichunguza!"

Hapo mwamba wote ukafunguka. Kila aliyetetea lake alitaja la mwenzake, na kila aliyetajwa akasimama kurekebisha: si hapo, hatua ishirini mbele, si lake, ni la marehemu mkwe wangu. Matusi ya miaka yalitoka yakiwa na vipimo kamili.

"Utaratibu! Utaratibu jamani!" afisa alipiga meza.

"Waache, mheshimiwa," mchora ramani alisema bila kuinua macho. "Naandika."

Ilipofika adhuhuri weupe ulikuwa umetapakaa alama mia mbili na kumi na sita, nyingi zikiwa na wenyewe wawili. Afisa aliutazama ukuta, akazima kikalamu chake.

Mpango ulipotoka, miezi minne baadaye, ukanda ule ulikuwa na rangi ya kahawia na maneno: wavuvi wa miguu. Gati lilipelekwa upande wa tope, nyuma ya bohari za zamani. Hakuna aliyemshukuru Ndimu. Bamvua iliyofuata alikuta mashimo yake sita yamekwisha pitiwa, mawe yamegeuzwa. Chumbani alimkuta dada yake, gunia limeshiba.

"Umechelewa, mdogo wangu."

"Shimo ni la wawili."

"Basi amka kama mwenye nusu."

Ndimu alikwenda zake mwisho wa mwamba, mahali pasipopendwa kwa ukali wake, akilaani kwa sauti. Alimlaani dada, akamlaani mama na kuomba radhi papo hapo, kisha akawalaani wakubwa kwa zamu ndefu zaidi: mwenye boti huaminiwa kwa kuhesabiwa boti, na yeye mpaka ajianike ndipo waone kuna mtu. Alichoma chuma kwenye mwanya, kwa hasira tu. Chuma kikashikwa kutoka ndani, kikavutwa.

Pweza alikuwa mkubwa. Alipomaliza kumfunga guniani akainua kichwa, na mchora ramani alikuwa hatua kumi mbali, suruali imekunjwa magotini, kiatu kimoja kimechanika, kifaa cha kupimia mkononi. Alikuwa anakagua alama kwa miguu yake, maji yakiwa yamepwa.

"Hapa sina alama," akasema. "Ukingo huu wanautaka kwa kuegesha boti za starehe. Mapitio ya mpango ni mwezi ujao. Kuna kitu hapa?"

Gunia lilijipindua kiunoni. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu. Ndimu alimtazama huyo mwanamke aliyelowa, akautazama mwanya, damu ikimchemka hadi masikioni.

"Andika," alisema, meno yameumana. "Tena andika upesi, kabla sijageuza kauli. Na ukinishukuru, nitakutupia huyu pweza."