Zahanati ya Sisimizi

Siku yangu ya kwanza kazini Mbinga, Mhandisi wa Wilaya hakunipa kalamu. Alinipa wembe.

"Binti, kuchora kila mtu anachora," alisema. "Wewe anza kujifunza kufuta."

Wiki nzima nikawa nakwangua wino kwenye karatasi angavu, ile ya kunakilia ramani. Ukikandamiza unatoboa, na ukitoboa unaanza upya. Nilichukia, jamani! Lakini ndivyo tulivyofundishwa uchoraji wa majengo, na ninyi mnaobonyeza kitufe kufuta kosa mjue mna raha.

Tulichora kwa skeli, mara nyingi moja kwa mia, yaani mita moja ya ukuta inakuwa sentimita moja kwenye karatasi. Nilizoea hivyo miaka na miaka, hata nikiingia nyumba ya mtu nilijikuta naigawa kwa mia. Madarasa ya Kingerikiti, maghala ya kahawa, nyumba za walimu kule ziwani, vyote vilipita kwenye ubao wangu.

Basi likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa walijaa mjini, na ofisini tukaanza kusikia habari za kupunguzwa kazi. Bosi mpya, Mhandisi wa Mradi wa zahanati za vijijini, alikuja na kompyuta yenye programu ya usanifu wa majengo. Alikuwa mdogo kwangu na mwenye adabu, ila hakuzungusha maneno.

"Shikamoo, Mama Kapinga."

"Marahaba, Mhandisi."

"Mradi hautaki tena ramani za mkono. Nichoree zahanati ya Tingi kwa mashine hii kabla mwezi haujaisha. Ikishindikana, jina lako linaingia kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Nisikufiche."

Nilikuwa mjane na watoto watatu shuleni. Nikavuta kiti mbele ya mashine.

Kitabu cha programu kilikuwa kinene kama misale ya padri kanisani na chote Kiingereza. Nilinakili amri tatu kila siku kwenye daftari: ya kuchora mstari, ya kukata, ya kurudia. Kipanya kilinikimbia mezani kama kuku anayekwepa kuchinjwa. Hata hivyo wiki ya tatu zahanati ilikuwa imekamilika kwenye kioo, safi kabisa. Nikamwita Mhandisi, tukachapa. Karatasi ikatoka nyeupe, na katikati kijidoa kama cha nzi.

Mhandisi aliinamia, akavua miwani. "Mama, hii zahanati ni ya sisimizi?"

Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilichukua mkoba wangu nikaondoka, machozi yananilenga.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nikapanda shambani kuchimba ngoro, yale mashimo yetu Wamatengo ya kuzuia udongo mlimani. Nyasi zilikuwa zimeshapangwa mraba mraba. Nikapima kwa hatua, nikainua jembe, na hapo hapo nikasimama. Nani amewahi kuchimba ngoro ndogo kwanza, halafu akaikuza? Unachimba ileile, kwa ukubwa wake! Kumbe ndani ya mashine ile hakuna karatasi, kuna shamba. Ukuta wa mita kumi na mbili unaandikwa mita kumi na mbili, na skeli inangoja siku ya kuchapa. Mimi niligawa kwa mia, na printa ikagawa tena kwa mia. Nilipiga kigelegele peke yangu mlimani.

Jumatatu nilianza upya. Safari hii nilikuwa kama natembea ndani ya jengo. Nilipofika mlangoni nikasita. Mpango wa mradi ulisema sentimita tisini, nami nilikumbuka zahanati moja ya zamani ambako machela haikuweza kukata kona, mgonjwa akainamishwa ubavu huku analia. Nikaandika mita moja na ishirini.

Mhandisi aliitazama ramani muda mrefu. "Mlango umeupanua. Nani kakuruhusu?"

"Machela, Mhandisi."

Akacheka, akatia sahihi. Kisha akatoa orodha mezani, akafuta jina langu mbele ya macho yangu. Aliniomba wembe wangu kufutia, nami nikampa kwa madaha yote niliyokuwa nayo.

Nilichora kwa mashine hadi nilipostaafu na kuhamia Tingi kulima. Mwaka jana niliteleza kwenye ngoro, mguu ukavunjika. Majirani wanne walinibeba kwa machela hadi zahanati ileile niliyoichora. Mlangoni hawakupunguza mwendo wala hawakuniinamisha, tulipita moja kwa moja. Nikaanza kucheka kwa sauti, na mguu unauma kwelikweli.

Muuguzi alishtuka. "Bibi, pole. Unacheka nini?"

"Mita moja na ishirini," nikamwambia. "Pima uone."