Kuku Asiye na Mifupa

Miaka ile ya ruksa, mashirika ya umma yakiuzwa moja baada ya jingine na watu wazima wakirudi vijijini na mabegi yao, mimi nilikuwa na kazi nzuri kweli kweli. Kampuni binafsi ya kuuza mbolea na kununua mahindi ilikuwa imefungua tawi Sumbawanga mjini, na meneja wa tawi alikuwa mimi. Nilikuwa na ofisi, simu ya mezani, na pikapu nyeupe ambayo baba yangu aliipenda kuliko nilivyoipenda mwenyewe. Nikienda nyumbani Mollo Jumamosi, ataniambia niipaki upande wa barabarani. "Huko nyuma kuna matope," anasema. Matope gani kiangazi, jamani? Alitaka watu waione.

Halafu nikaacha kazi.

Sababu yenyewe hata leo nikiieleza watu hunicheka. Kampuni ilinipeleka semina Dar es Salaam, tukalala hoteli mpya, nikala pale samaki mwenye mchuzi wa siagi. Semina yote nikaisahau. Niliomba kuonyeshwa jikoni, na mpishi mkuu, Mfaransa mnene mwenye hasira za karibu, akaniambia ana shule yake ya mapishi ya kwao, mwaka mzima, kwa wanaotaka kazi za hoteli. Nikarudi Sumbawanga. Wakulima wananilalamikia bei ya mbolea, mimi nawaza mchuzi. Mtu mzima na pikapu yangu! Haukupita muda nikaacha.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, lugha ambayo nyumbani hakuitumia ila kwa wageni na akikasirika: "Wenzako wanapunguzwa kazi wanalia. Wewe unajipunguza mwenyewe, ukakaange vitunguu." Shangazi zangu walisema nimelogwa, na kwetu neno hilo halisemwi kwa utani. Baba hakunisindikiza hata hadi barabarani. Mwaka mzima salamu zilizonifikia zilikuwa za mama peke yake.

Shule niliipenda, siwezi kusema uongo. Tulifokewa tangu asubuhi mpaka miguu ivimbe, lakini niliipenda. Kilichonitoa jasho kuliko vyote ni kumtoa kuku mifupa yote bila kumkata vipande: unampasua mgongoni, unaufuata mfupa kwa ncha ya kisu, unabaki na kuku amelegea kama soksi. Unamjaza vitu ndani, unamshona kwa uzi, unamwoka, unamkata vipande vya duara. Siku nilipofaulu, yule Mfaransa alinipiga begani akasema sasa mimi ni mpishi. Palepale nikawaza, huyu ndiye kuku nitakayempikia baba. Akimla, yataisha. Nilitaka yaishe, nilitaka sana.

Nikarudi Mollo na visu vyangu. Shikamoo yangu baba aliiitikia, "Marahaba," basi, akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Mama ndiye aliyetupatanisha, au tuseme alijaribu: Jumapili baada ya misa nipike, baba ale pamoja nasi wanawe, mimi na wadogo zangu wawili. "Amekubali," aliniambia. "Jogoo amemchagua mwenyewe." Loh! Ningekuwa na masikio, hapo ningejiuliza. Baba hakuwa mtu wa kuchagua jogoo.

Misa sikwenda. Nilipika asubuhi nzima. Siagi niliikosa, nikatumia samli ya Wasukuma wafugaji wa huko bondeni Muze. Maini na firigisi nilivikatakata, nikaviponda pamoja na mkate na vitunguu, nikamjaza navyo kuku wangu. Mama aliporudi kanisani akainama kuangalia bakuli nililopondea maini na firigisi, akafungua mdomo, akaufunga. Akaenda kusonga ugali wa ulezi. Nilidhani ameshangazwa na ufundi.

Kwetu baba hula na wanawe chombo kimoja. Ugali katikati, bakuli la kitoweo pembeni yake, na nyama haiguswi. Mnachovya mchuzi mpaka baba anyooshe mkono agawe. Paja la huyu, kidari cha yule, na firigisi ni ya baba. Nilikua hivyo, haki ya Mungu nilijua. Lakini mwaka wa kufokewa ulikuwa umenikaa kichwani: chakula hutoka jikoni kimekamilika, kila mtu na sahani yake, ukingo umefutwa kwa kitambaa. Nikawapelekea hivyo. Na mimi mwenyewe sikukaa. Nilisimama nyuma yao, taulo mkononi, nikingoja waonje.

Baba alinawa. Aliangalia sahani yake, akaangalia za wadogo zangu, akaangalia katikati ya meza, hapakuwa na kitu. Mkono wake ulinyanyuka, ukakosa pa kwenda, ukashuka. Akageuza kipande kwa kidole.

"Firigisi iko wapi?"

"Imo humo humo, baba. Nimeiponda." Nilisema kwa majivuno!

"Aa."

Alikula yote. Alipomaliza akaniambia kwa Kiswahili, "Asante sana, bwana. Chakula kizuri." Akachukua kofia, akatoka.

Nilimfuata mama uani nimefura. Nikamwambia mzee huyu hata apikiwe na malaika atanuna tu. Mama alikuwa anasugua sufuria.

"Asubuhi aliniambia, leo firigisi nampa mkubwa wangu, mbele ya wadogo zake, yaishe," alisema. "Hata yeye baba yake alimfanyia hivyo walipopatana."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaiponda, mwanangu."

Ningemfuata siku ile ile. Alikuwa hajafika mbali, kofia yake ilionekana kule kwenye ulezi. Sikumfuata, na hili linaniuma kuliko firigisi yenyewe. Niliona aibu, nikajiambia Krismasi nitachinja mwingine, nimchemshe kwa maji na chumvi kama watu wengine, bakuli nilitenge katikati. Nikarudi Dar, kazi ya hoteli ilikuwa inaningoja. Mvua zilipoanza baba akaugua kifua. Basi langu lilikwama njiani kwenye tope, nikafika wameshamzika.

Siku ya kumaliza matanga shangazi walichinja jogoo. Tulikaa wanaume, ugali katikati, tukachovya mchuzi, tukachovya, nyama haiguswi. Nikatambua kuwa wadogo zangu wananisubiri mimi. Nikanyoosha mkono, nikagawa paja, nikagawa kidari, nikagawa mgongo. Ikabaki firigisi peke yake kwenye mchuzi. Wote wakainamisha macho. Sasa mkubwa wa nyumba nilikuwa mimi, na hapakuwa na mtu wa kunipa. Nikaichukua mwenyewe.