Sauti chini ya mukeka

Leo jirani alikuwa anachoma waya za radio yake, na harufu ile ya plastiki ikaingia mpaka jikoni. Nikatoka mbio, nikamuvuta binti yangu mukono kutoka pale. Alilia.

Zamani, nami nilikuwa na miaka kama yake. Dimanche moja, siku ya kanisa, papa aliweka kanda ya kwaya. Nikikaa kwenye mukeka wangu, bafle ya kushoto, ile sanduku ya sauti, inanguruma kama mutu anayekabwa shingo. Nikisimama, kwaya inaimba vizuri.

"Munaona?" mama wa kambo akasema. "Huyu mutoto iko ndoki, mulozi! Anakula sauti ya kanisa."



Tonton, mudogo wa papa, akacheka. "Bon, tumutafute huyo ndoki." Akabadilishana bafle, ya kuume akaiweka kushoto. Kushoto tu kukanguruma. "Donc bafle ni muzima, ni waya." Akaifuata na vidole mpaka chini ya mukeka wangu. Panya walikuwa wameitafuna. Nikikaa, nyuzi za ndani zinagusana. Akachoma plastiki yake na kiberiti, harufu ikajaa nyumba, akafunga kila uzi peke yake.

"Kaa, mama," akaniambia.

Nikakaa. Kwaya ikaimba safi.

Mama wa kambo hakuangalia waya. Aliangalia mimi. "Ndoki amejificha tu ndani yake."

Magaribi, papa aliacha waya palepale. Alikunja mukeka wangu, akautandika inje, nilale kule.