Mkono Moto Sokoni Japani

Wengine huenda Japani kutafuta magari. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mukeke, samaki wa ziwa letu. Ni mtoto wa mtaa wa Kanyosha niliyesoma kwa taa ya mafuta na kupata nafasi ya masomo bila kubebwa na mjomba yeyote. Leo diploma yangu ya uhifadhi wa samaki imetundikwa sebuleni Ngagara. Anayetaka kuiona aje. Lakini kabla sijaondoka, dada yangu mkubwa, Yaya Godeliva, muuza samaki wa Kanyosha, alinipa kazi. Tangu vita vianze, mukeke wanaotoka Rumonge husubiri kizuizini mpaka askari wafungue barabara. Wakifika mezani kwake jua limepanda, na saa sita wamelegea. Kwa mwendo huo angefunga meza. Hakutaka nimletee kitenge. Alitaka samaki wakae mezani mpaka saa nane wakiwa bado wagumu.

Saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi ya mwisho ya masomo yangu huko Japani, nilipanda treni mpaka soko la samaki karibu na bandari. Hakuna aliyeniongoza, Kijapani nilijifundisha mwenyewe kwa daftari. Kilichonishangaza kwanza ni kwamba soko zima halikuwa na harufu. Sakafu zimeoshwa, vijigari vya umeme vinapita kimya, na jodari wakubwa kama ndama wamelala safu, mikia imekatwa ili wanunuzi wamulike nyama kwa tochi.

Saa moja niliingia madukani. Moja liliuza visu tu, jingine mwani mkavu, jingine mayai ya samaki mekundu kama shanga. La nne lilikuwa la mzee mmoja na mkewe, samaki wao wamepangwa juu ya barafu. Nilimwona mmoja wa kimo cha mukeke, nikafanya anavyofanya kila mtu Kanyosha: nikafungua mashavu kuona wekundu, nikabonyeza tumbo, nikabonyeza jicho pia.

Mzee alinipiga kofi mkononi. Si kwa nguvu, ila duka zima liligeuka. Nilimweleza kwa utulivu kwamba mimi si mtalii, nina diploma ya samaki hao hao. Mkewe alichekea kiganjani. Mzee hakucheka. Alinishika mkono, akavitumbukiza vidole vyangu katika beseni la maji ya barafu mpaka vikafa ganzi, ndipo akaniruhusu kugusa.

"Mkono wako ni moto," alisema. "Ukimgusa, unampika."

Nilisimama pale nikiwaza mikono ya Kanyosha. Mukeke mmoja hubonyezwa na watu wangapi kabla ya mmoja kumnunua? Barabara inamchelewesha, ndiyo, lakini sisi ndio tunaommaliza. Vitabuni mwangu sikulikuta hilo, na nilivisoma vyote.

Wiki mbili baadaye, Kanyosha, Yaya alinisikiliza mikono kiunoni.

"Miezi munane Japani," akasema, "na unaniletea 'usiguse'? Mutu atanunua samaki hajamubonyeza? Apana, Diploma. Watasema nauza maozo."

Kesho yake alipata njia yake mwenyewe. Mukeke mmoja alimweka mbele, abonyezwe na anayetaka. Wengine aliwalaza kivulini chini ya majani ya mgomba yaliyolowa, akiwafungua mashavu yeye tu, baada ya kuchovya mikono katika maji ya mtungi. Wateja walimtania, wakauliza samaki hao wanaolewa lini, mbona wamefunikwa shela. Saa sita yule wa mbele alikuwa kama kitambaa. Saa nane mama mmoja, ambaye mtaa mzima unamwogopa kwa mdomo wake, alifunuliwa jani, akatazama, akachukua watatu bila neno.

Alasiri nilileta wageni wawili niwaonyeshe matunda ya elimu yangu. Niliinua jani, nikapeleka kidole kwenye tumbo la mukeke wa mwisho. Yaya alinipiga kofi pale pale alipopiga mzee wa Japani.

"Mukono moto," alisema, akanisogezea mtungi.

Nikachovya.