Hodi ya Nne

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka huwa nakiweka kikombe cha chai chini. Nilikuwa na miaka thelathini, fundi wa programu katika kampuni ndogo ya kuhudumia wazee majumbani, ofisi yetu juu ya duka la sari kule Kenton, upande mwingine wa Landani. Nilijiona najua kila kitu. Usicheke, nakuona.

Kazi yangu ilikuwa kitufe. Mzee anayeishi peke yake alikivaa shingoni. Akikibonyeza, ombi lilikwenda kwenye simu ya mhudumu wake na saa ikaanza kuhesabu. Dakika mbili zikipita bila jibu, ombi lilitakiwa lihamie ofisini. Nilikijaribu mara nyingi, na kila mara kilifanya kazi. Nilikijaribu peke yangu, kama nilivyofanya kila kitu hapa Landani. Nilikula peke yangu chumbani kwangu, mtaa wa Thornton Heath, redio nikaiwasha ili nisikie mtu akisema. Kumwomba mwenzangu ofisini aje tujaribu pamoja niliona haya, asije akadhani sijui kazi.

Basi adhuhuri moja Bi Zuwena, mama mtu mzima wa Kizanzibari, akaanguka jikoni kwake. Akabonyeza. Mhudumu wake alikuwa kwenye basi, simu imezama ndani ya mkoba. Ofisini hakikufika kitu. Alikuja kukutwa alasiri, bado yuko sakafuni, mkono umevunjika.

Bosi aliniuliza kama programu ina kasoro. "Nimeijaribu, inafanya kazi," nikamjibu kwa ukavu. Akanituma nikamwombe bibi radhi mwenyewe. Nilipoisoma anwani nilishtuka, maana ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwangu. Miaka mitatu nilikuwa napita chini ya dirisha lake nikienda kupanda basi.

Alinifungulia mlango kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa plasta.

"Nilibonyeza mara tatu," akaniambia. "Hodi ni tatu, mwanangu. Ya nne ni kukosa adabu. Nikasema basi, hawapo."

Akaniashiria niketi.

"Na wewe, ulipokijaribu kidude chako hiki, ulikijaribu na nani?"

"Peke yangu, bibi."

"Ebo! Wazee wote hawa wa Landani, watapiga hodi kwa zamu?"

Maneno yale yaliniingia. Nikafungua laptopu mezani kwake na kutoa kitufe cha akiba nilichokuwa nacho. Nikampigia mhudumu wake kumwomba asijibu. Nikabonyeza changu, na bibi akabonyeza chake mara tu baada yangu. Changu nikakijibu kwenye simu yangu. Chake tukakiacha. Dakika mbili zikapita, tatu, tano. Ofisi haikupiga.

Ndipo nikaona. Lile jina la kuhifadhia saa, ile variable, nilikuwa nimeliandika juu kabisa, nje ya sehemu inayopokea ombi, kwa hiyo maombi yote yalitumia jina moja. Ombi la pili lilipoingia, saa yake ilikaa mahali pa saa ya kwanza. Nilipojibu ombi la kwanza, programu ikasimamisha saa iliyoikuta pale, nayo ilikuwa ya Bi Zuwena. Siku aliyoanguka, mzee mwingine alibonyeza kabla yake, akajibiwa, na bibi akaachwa anasubiri bila saa. Hodi zake mbili za mwisho zilihesabiwa kuwa ombi lilelile lililokwama. Nilihamisha mstari mmoja tu, nikauingiza ndani, ili kila ombi liwe na saa yake. Nikalia mbele yake bila kujificha.

Nilipokwisha kuirekebisha tukajaribu tena. Dakika mbili zilipotimia, simu yake ikalia, na sauti kutoka ofisini ikamwita kwa jina. "Nipo, nipo!" akaitika, akanigeukia huku anacheka. "Wamesikia."

Akanialika nije kula kwake kila Jumamosi. Nilikwenda mara mbili. Kisha kazi zikanizidi, kazi gani hata sizikumbuki, na siku nilipoinua tena macho kwenye dirisha lile, mapazia yalikuwa ya watu wengine. Hilo sikuweza kulirekebisha.

Sasa kitufe nakivaa mimi. Wiki iliyopita niliteleza bafuni. Nikabonyeza mara tatu, kimya, na haya ileile ikanishika, nikataka kuacha. Nikamkumbuka bibi amelala sakafuni na adabu zake. Nikabonyeza ya nne, wakaitika.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Kazi yako usiijaribu peke yako ukaridhika nayo. Mwite mtu, hata akidhani hujui. Ukiita usiitikwe, ita tena, wala usione haya. Na jirani yako mjue kabla hujatumwa kwake kuomba radhi. Mimi unijibu kwa Kiingereza ukipenda, nitakuelewa, ilimradi unijibu.

Mungu akujaalie watu wa kukuitika, mwanangu, na siku utakapoitwa wewe, akujaalie uwepo.