Kisanduku cha Mhispania na Insha ya Vita

Kaka zangu wawili hawajawahi kukanyaga chuo kikuu, hata kwenda kufagia. Lakini mtoto wa marehemu mdogo wangu alipoomba nafasi katika chuo kimoja ambacho huwakataa karibu wote wanaobisha hodi, wakawa maprofesa wa ghafla. Kila Jumamosi tulikuwa na kikao cha ukoo kwa simu. Mimi nilikuwa jikoni kwangu, mtaa wa Iroquois, Louisville, hapa Amerika. Kaka mkubwa yuko Columbus, anapakia mizigo ghalani. Anayemfuata yuko Buffalo, kiwandani. Ajenda ilikuwa moja tu: huyu binti atapenya au hapenyi?

Binti alizaliwa hapa hapa Louisville. Baba yake ni fundi wa mapaa, mtu wa Honduras, ingawa kwetu kila asemaye Kihispania ni Mmeksiko na mjadala umefungwa. Mdogo wangu alipofariki, mtoto alikuwa na miaka minne. Nikamlea mimi, baba akawa anakuja kila Jumapili.

"Bon, kwa formulaire aseme iko Hispanic," alisema wa Buffalo. "Bale banabawekeaka place yabo." Alimaanisha kile kisanduku cha fomu cha kutaja asili yako; kwa imani yake, Wahispania wametengewa nafasi.

"Hapana! Afiche ule baba," alifoka mkubwa. "Aandike vita. Vita njo ilitufikisha huku, donc njo itamufikisha na yeye."

Hapo ndipo penye ugonjwa wake. Kwenye kambi ya wakimbizi, ili tuletwe Amerika, tulihojiwa mmoja mmoja, na hadithi za familia nzima zilipaswa kulingana. Kaka mkubwa alitukaririsha kama katekisimu, mpaka watoto wakajua tulivuka mto siku gani ya juma. Tukapita. Tangu hapo anaamini kila mlango wa nchi hii una afisa yule yule nyuma yake, na faili mkononi, anasubiri kulizwa. Akatunga insha ya maombi yeye mwenyewe, akaituma kwenye simu yangu: "Nilizaliwa katikati ya risasi." Risasi gani? Mtoto alizaliwa hospitali yenye televisheni chumbani. Kishindo kikubwa alichowahi kusikia ni fataki za Julai.

Niliwaeleza alichosema mshauri wa shule: kisanduku hicho siku hizi hakiamui kitu, wanaangalia masomo yake na anachoandika mwenyewe. Kaka mkubwa akacheka. "Ma soeur, banakudanganya."

Na mimi mwenye mdomo mrefu nilifanya nini? Nilimgeukia mtoto nikamwambia aweke vita kidogo tu, kama chumvi. Najidharau mpaka leo. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hayo si maisha yake. Kesho yake akaniachia karatasi mezani.

Kiingereza changu ni cha kuogesha wazee kazini, kwa hiyo nilisoma kwa kidole. Insha ilihusu Jumapili zetu. Mimi na baba yake hatuna lugha moja. Tangu ana miaka saba, mtoto ndiye aliyebeba maneno huku na huku. Aliandika kwamba mama mkubwa ana ulimi mkali. Siku moja baba alileta viatu vidogo, nikasema hata mbuzi anamjua mwanawe kuliko huyu. Mtoto alimwambia: anasema asante, ila vinabana kidogo. Siku nyingine alikuja kachelewa, nguo zimejaa lami ya mapaa, nikasema ananuka kama barabara. Mtoto alimwambia: anauliza kama umekula, anasema ukae ule.

Kumbe ndiyo maana alikuwa anavuta kiti! Miaka yote nilimwona mtu asiye na haya, anajikaribisha kwenye ugali wangu. Yale aliyoyasema baba juu yangu, bila shaka mtoto aliyageuza pia. Hakuyaandika, na mimi sijauliza.

Nilishikwa na aibu mpaka masikioni. Nikamwambia aitume hivyo hivyo, na kisandukuni aweke damu yake yote, ya baba na ya mama. Kaka zangu sikuwaambia neno. Niliwaacha na risasi zao.

Machi jibu likaja: amekubaliwa. Jumamosi ile wakaanza kabla sijamaliza kusema.

"Munaona?" alisema wa Columbus. "Vita!"

"Vita ya wapi? Ni damu ya ule Mumexicain," alisema wa Buffalo. "Miye nilisema."

Wakagombana nani kamwingiza. Miaka ile yote ya binti kusoma huku anapiga chafya kwa baridi ya jikoni kwangu, hakuna aliyeikumbuka. Ndipo binti akaninyang'anya simu, akasema kwa Kiswahili chetu, yeye ambaye hujibu kwa Kiingereza hata akiulizwa kama ana njaa: "Bajomba, miye njo nilisoma. Nyinyi mulikuwa munapiga simu tu." Akakata. Kaka mkubwa hajawahi kukatiwa simu na mtu wa nyumbani. Nilifurahi vibaya sana.

Jumapili baba yake akaja. Alikuwa ameshaambiwa habari. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, macho mekundu, lami ile ile kwenye suruali. Nikamwambia binti, "Mwambie aingie, akae, ale. Na leo usigeuze kitu."

Akacheka. "Mama mukubwa, hiyo njo namwambiaka kila Jumapili."