Tulipopandisha Chumvi Undali

Mwaka ule nzige waliteremka Mbozi mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanabeba. Walilala kwetu, na asubuhi walipoondoka hata migomba ilikuwa imebaki uti wa majani tu. Mibuni hawakuigusa. Tulibaki tukiitazama imesimama kijani tupu, na kahawa hailiwi. Kufikia mwisho wa kiangazi tulikuwa tunachimba mizizi porini, na mke wangu, aliyekuwa ananyonyesha mtoto wetu wa kwanza, alianza kukaukiwa maziwa.

Habari za Undali tulizipata kwa wapita njia pale Nanyala. Walisema nzige hawakuvuka milima ya huko kwa ajili ya baridi, na kwamba Wandali wana mahindi mpaka yanabunguliwa ghalani. Kitu wasicho nacho, walisema, ni chumvi. Chumvi ilikuwa Ivuna, chini bondeni, karibu na ziwa Rukwa. Sisi tulikuwa katikati, hatuna hiki wala kile.

Aliyesema twende ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa amerudi mwaka uliotangulia kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na alirudi na baiskeli, blanketi zito la kijivu na kikohozi. Mimi nami nilikuwa na baiskeli, niliyoipata kwa kahawa ya mavuno mazuri ya zamani.

"Na chumvi tutaipata kwa nini?" nikamwuliza.

"Mimi nina blanketi," akasema. "Wewe una koti la harusi."

Ivuna tulikuta joto la kuchoma nyayo. Wanawake walikuwa wanachuja maji ya udongo wa chumvi na kuyachemsha katika vyungu, macho yao mekundu kwa moshi. Mmoja, mama mtu mzima, alilipapasa blanketi la shemeji akacheka.

"Kwa joto hili nitajifunika wapi, baba?"

Lakini alilichukua. Alilikunja vizuri, akasema litamfaa mama yake siku ya kuzikwa. Koti langu alilichukua mwanawe, akalivaa palepale juu ya kifua kitupu. Tukajaziwa magunia, tukayafunga kwenye keria kwa vipande vya mipira ya magurudumu ya zamani, tukageuka kurudi juu.

Ukingo wa bonde lile haupandwi kwa kukanyaga pedeli. Tulisukuma. Palipozidi kusimama tuliilaza baiskeli moja vichakani, tukaisukuma nyingine wawili, mmoja usukani na mmoja nyuma ya gunia, kisha tukateremka kuifuata iliyobaki. Kwa hiyo mlima ule tuliupanda mara mbili, na kila tulipotua shemeji alikaa chini na kuinamisha kichwa katikati ya magoti, akikohoa mpaka mishipa ya shingo inasimama. Alitema pembeni, akafukia kwa kisigino. Niliona rangi ya kile alichokifukia. Naye aliona kwamba nimeona, akainuka akashika usukani.

Njia ya Undali ilipita kwetu, tukalala nyumbani. Mke wangu alimtazama kaka yake akishindwa kumaliza kikombe cha maji, akaniita nje, kisha akabadili shauri, akarudi ndani kumwambia mwenyewe.

"Kaka, wewe baki. Mwenzangu atakwenda peke yake."

"Akifika atawaambia nini? Kindali hakijui."

Ilikuwa kweli. Shemeji alikijua kwa kukaa chumba kimoja na Mndali kule migodini. Baba mkwe, mzee wa kanisa, hakuingia katika maneno hayo. Asubuhi alitusimamisha uani, akatuombea sala ndefu, na mtoto wangu alilia tangu mwanzo wa sala mpaka amina. Hakuwa analia kwa nguvu. Ndicho kilichonitisha.

Siku za kwanza za milimani sizikumbuki vibaya. Kulikuwa na hewa ya baridi na maji safi kila bonde. Kupanda ilikuwa kusukuma tu, lakini kuteremka tulipanda juu ya tandiko. Breki zetu zisingeweza kuzuia mzigo ule, hivyo tulikata matawi yenye majani mengi, tukayafunga nyuma yaburutwe yatupunguzie mwendo. Katika mteremko mmoja mrefu tawi la shemeji lilikatika. Nilimwona akinipita kama jiwe, miguu ameinyoosha mbele, na nikasikia anapiga kelele. Nilidhani kelele za hofu. Nilipomfikia chini, amesimama kwenye majani marefu, baiskeli nzima, gunia zima, nikakuta ni kicheko. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Kesho yake mvua ilianza. Tulikuwa tumefunika magunia kwa nyasi na majani ya migomba, lakini mvua ya milima ile haiji kwa juu tu, inakuja kwa ubavu. Tukavua mashati, tukayaongeza juu ya magunia, tukasukuma vifua wazi. Hata hivyo niliona maji yanadondoka chini ya keria, yanapita kwenye spoku, yanafuata cheni. Yalipoingia kwenye nyufa za visigino vyangu yalichoma. Nikayapangusa, nikaonja.

"Shemeji, chumvi inaondoka."

"Naiona," akasema. "Sukuma."

Usiku tulijibanza chini ya paa la kibanda cha shambani, tumekumbatia magoti, na hakuna aliyetaja blanketi.

Nyumba ya kwanza ya Undali tuliyobisha ilikuwa ya bibi mmoja mjane, nyumba ya mianzi iliyokandikwa vizuri, migomba imeizunguka. Shemeji alimsalimu kwa lugha yake, bibi akashangaa, akatukaribisha motoni. Alitupa ndizi za kuchoma kabla hajauliza tumetoka wapi. Shemeji akaeleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama, akaingia chumba cha ndani, akatoka na chungu. Akakiinamisha tuone. Kilikuwa kimejaa chumvi. Akasema neno kwa Kindali.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema vipo vingine."

Watu walikuwa wametutangulia. Kila aliyesikia yale tuliyosikia Nanyala alikuwa amekimbilia Ivuna, na tangu kiangazi walikuwa wanapanda milima ile, kwa miguu na kwa baiskeli, kutoka Mbozi, kutoka Unamwanga, na wengine mbali zaidi. Mahindi ya kubadilishana yalikwisha zamani. Yaliyobaki yalikuwa ya watoto wa wenyewe mpaka mavuno. Bibi yule alisema sasa chumvi wanawalambisha ng'ombe.

Tulizunguka nyumba hata nyumba. Hakuna aliyetufukuza. Walitukaribisha, walitupa ndizi, walitupa pole, walitikisa vichwa. Mwanaume mmoja alitujazia kikapu kidogo cha mahindi kwa kumwonea huruma shemeji, na akakataa chumvi yetu. Mwanamke mwingine alitupa maharage ya kufumbata mikononi. Hayo ndiyo mavuno yetu.

Tulirudi kwa bibi jioni, na pale mlangoni shemeji akaanguka. Damu ilimtoka kinywani, nyekundu yenye povu. Bibi hakupiga yowe. Alimvuta kwa kwapa mpaka motoni, akamfunika kwa ngozi ya ng'ombe, akamkorogea uji wa ulezi. Tulikaa kwake mpaka shemeji akaweza kusimama.

"Tukae kidogo upate nguvu," nikamwambia.

"Tukikaa tutakula cha watu, halafu tutakula na hicho kikapu. Nirudishe nyumbani."

Chumvi yote iliyobaki tulimwachia bibi pamoja na baiskeli ya shemeji. Hakuvihitaji, alivipokea ili tusione haya. Kikapu nilikifunga mbele ya usukani. Shemeji nilimpandisha kwenye keria, nikatuzungushia viunoni ile mipira ya kufungia magunia, asidondoke akisinzia. Alikuwa mwepesi kuliko chumvi.

Kwenye miinuko nilisukuma, yeye amelalia tandiko kifudifudi. Ni katika njia ile alinisimulia migodi, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Kule chini vumbi linakuingia mpaka kwenye meno," alisema. "Ukitoka juu umekuwa mweupe, kama mtu anayetoka kusaga unga. Tulikuwa tunachekana."

"Ungesema mapema, shemeji."

"Ningemwambia nani? Na angefanya nini?"

Niliendelea kusukuma.

Tulipofika, mke wangu alimpokea kaka yake kwanza, kisha akakitazama kikapu. Hakuuliza kama kuna kingine kinakuja nyuma. Alichukua mahindi machache akayasaga, akapika uji, akawapa kaka yake na mtoto kwa bakuli moja. Baba mkwe alisema yaliyobaki yapandwe, kwa maana mvua ilikuwa imefika na sisi. Tulilumbana juu ya hilo, mimi nikitaka yaliwe, na yeye akashinda. Tukayapanda.

Shemeji alikufa mahindi yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa amelazwa mlangoni ili ayaone, kwa kuwa aliomba hivyo. Siku zile alikuwa haongei, alikuwa anavuta pumzi tu, kila moja peke yake, kwa juhudi. Tulimzika nyuma ya nyumba. Tulipokuwa bado tumekaa matanga, mtu alikuja mbio akasema shamba linatembea. Yalikuwa ni matunutu, watoto wa nzige wasio na mbawa, yaliyoanguliwa katika mayai yaliyoachwa ardhini na wale wa kwanza. Tulichimba mitaro, tukawasha moto, wanawake wakapiga madebe. Yaliingia mitaroni yakaijaza, na yaliyofuata yakapita juu ya yaliyojaza. Baba mkwe alisimama katikati ya shamba akiwa na tawi mkononi, akipiga na kupiga, na baadaye akaliangusha lile tawi akakaa chini, matunutu yakampanda magotini.

Mtoto wetu aliishi. Wengi pale jirani hawakuishi. Lakini alibaki mdogo wa mwili hata alipokua, na alichelewa kusema.

Mwisho wa masika nilimwambia mke wangu kwamba wanaandika watu wa kwenda kazi za migodini. Alikuwa anapeta magugu, akitafuta mbegu za kula ndani yake.

"Nenda," akasema. "Ukikaa utatuangalia tu."

Nilivuka mpaka pale Tunduma na wanaume wengine wa Mbozi, asubuhi ya ukungu, kila mmoja na kifurushi chake. Njiani tuliongea habari za mvua, za viatu, za nani anajua Kibemba cha kule migodini. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kilichomtoa nyumbani.